Namba Nne za Kusoma Kabla Hujagusa Seva

Hotuba kwa maofisa TEHAMA, makarani wa vyama vya msingi na wanafunzi, Tabora

Mwangaluka, ndugu zangu. Wakubwa, shikamooni. Vijana mliojibanza nyuma, sogeeni, viti vya mbele vipo. Kutoka huko hamtaona kilichoandikwa kwenye skrini, na kazi yetu ya leo ni kusoma.

Hapa Tabora hakuna wa kufundishwa reli. Ile ya zamani, iliyofika mjini hapa mwaka 1912, ina milimita 1,000 kutoka chuma hadi chuma. SGR ina milimita 1,435. Chukua behewa zima la reli ya zamani ulipandishe kwenye SGR, halitasogea hata hatua. Fundi wa karakana hatasema behewa ni bovu, wala hatang'oa reli. Atapima. Sisi wa kompyuta, kanzidata, yaani ghala la data, ikigoma kufunguka kwa sababu ya namna hiyo hiyo, tunatangaza kwamba seva imekufa, tunafuta, tunasakinisha upya, na hesabu za msimu mzima wa tumbaku zinakwenda na maji.

Nimepewa dakika 40, na nitazimaliza kwa ugonjwa huo mmoja: matoleo yasiyopatana.

Karibu kila hitilafu ya aina hii ni ugomvi wa namba mbili kati ya nne. Ya kwanza ni toleo la seva, yaani programu inayoshika data yenyewe. Ya pili ni toleo la chombo kinachoongea na seva: pg_dump ya kutoa nakala rudufu, HeidiSQL ya kutazama majedwali, QGIS ya ramani, au draiva, yaani kiunganishi cha mfumo na seva, iliyofichwa ndani ya mfumo wako wa mauzo. Ya tatu imeandikwa ndani ya faili, iwe nakala rudufu au folda ya data. Ya nne ni toleo la muundo wa majedwali ambalo mfumo unalitarajia. Kabla hujajua ni zipi mbili zinazogombana, usifute kitu, usisakinishe kitu. Ujumbe wa hitilafu wenyewe mara nyingi unazitaja zote mbili, tatizo ni kwamba tunaufunga bila kuusoma kwa sababu uko kwa Kiingereza na una rangi nyekundu.

Tuanze na kuzitafuta hizo namba. Kwa PostgreSQL, mojawapo ya programu za seva ya kanzidata, ingia kwenye seva uandike:

SELECT version();

Kwa MySQL na MariaDB, ambazo nazo ni programu za kanzidata, amri ni hiyo hiyo. Kwa upande wa chombo, fungua dirisha la amri uandike pg_dump --version, au mysqldump --version. Jibu liandike kwenye daftari la karatasi, pamoja na jina la kompyuta na tarehe. Msicheke. Saa 10 jioni, bando limeisha na mwenyekiti wa ushirika amesimama mlangoni, hakuna anayekumbuka kama ilikuwa 14 au 15.

Kwa PostgreSQL jueni pia namba ipi ina uzito. Kuanzia toleo la 10, lililotoka mwaka 2017, namba ya mbele peke yake ndiyo toleo kuu. 16.1 na 16.4 ni ndugu wa tumbo moja, wanasoma folda moja ya data bila ugomvi. Kabla ya hapo toleo kuu lilikuwa namba mbili za mwanzo, kwa hiyo 9.5 na 9.6 ni matoleo mawili tofauti kabisa, ingawa kwa macho yanafanana. Bado kuna mashine zenye 9.6 huko wilayani. Mtu anaona tofauti ya 0.1 anasema ni kitu kidogo, kumbe amevuka mpaka.

Sasa mitego. Mtego wa kwanza ni kuuliza seva isiyo yenyewe. Kompyuta moja inaweza kuwa na PostgreSQL mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza inakaa kwenye poti, yaani mlango, namba 5432, na ya pili, ukiisakinisha juu yake, kwa kawaida inapewa 5433. Mfumo wako unaongea na moja, wewe unapima nyingine, na majibu yanakuchanganya siku nzima. Ukishaingia, andika SHOW port. Kisha SHOW data_directory. Uone umeshika mlango wa nyumba gani. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, amri ya pg_lsclusters inakuonyesha zote kwa mstari mmoja mmoja.

Mtego wa pili ni XAMPP, furushi linalosakinisha seva ya wavuti na kanzidata kwa pamoja. Kitufe kwenye paneli yake kimeandikwa MySQL, lakini kwa miaka mingi sasa ndani yake kuna MariaDB. Hizi ni programu mbili zilizotoka shina moja na kila moja ikashika njia yake. Mtu akikwambia kwa simu "natumia MySQL," mwambie aandike SELECT VERSION(). Akusomee jibu neno kwa neno. Akisoma 10.4.32-MariaDB, umeshajua. Na kuna vyombo vitakavyomwonyesha 5.5.5-10.4.32-MariaDB. Hiyo 5.5.5 si toleo. MariaDB za 10 huitanguliza kwa makusudi wakati wa kusalimiana na programu nyingine, ili vyombo vilivyozoea namba ndogo visishtuke kwa kuona 10. Toleo lenyewe ni linalofuata baada ya kistari.

Mtego wa tatu, na huu ndio unaotuangusha zaidi: chombo unachodhani unakitumia sicho kinachotumika. Umesakinisha PostgreSQL 16, lakini 13 ilikuwepo kabla, na Windows inapotafuta pg_dump inachukua ya kwanza kuikuta kwenye orodha yake ya njia. Unaandika amri ya kutoa nakala, unajibiwa:

pg_dump: error: server version: 16.4; pg_dump version: 13.9
pg_dump: error: aborting because of server version mismatch

Someni mstari wa kwanza. Seva 16, chombo 13. pg_dump hukataa seva yenye toleo kuu linaloizidi, kwa sababu haijui majedwali ya ndani ya seva hiyo yamepangwaje, na nakala yenye tundu ni hatari kuliko kukosa nakala. Kinyume chake haina shida: pg_dump ya 16 hutoa data kwenye seva ya 13 vizuri, na inarudi nyuma hadi 9.2. Kwa hiyo hapa huhitaji kugusa seva hata kidogo. Andika where pg_dump uone zilizopo, kisha iite unayoitaka kwa anwani yake kamili:

"C:\Program Files\PostgreSQL\16\bin\pg_dump.exe" -U postgres -Fc -f D:\nakala\ushirika.dump ushirika

Ukitumia pgAdmin, chombo cha PostgreSQL cha kubofya, nenda kwenye mapendeleo, sehemu ya njia za programu, uelekeze kwenye folda hiyo ya bin ya toleo la 16. Wanaopenda kubofya hukwama hapa wiki nzima, na suluhisho ni mstari mmoja.

Tuje kwenye faili. Nakala ya maandishi, yaani ile ya .sql, ina namba juu kabisa. Usiifungue kwa Notepad kama ina megabaiti 400, kompyuta itaganda. Tumia amri ya more kwenye Windows au head kwenye Linux. Kwenye ile ya PostgreSQL utaona mistari hii:

-- Dumped from database version 16.4
-- Dumped by pg_dump version 16.4

Wa kwanza ni seva ilikotoka, wa pili ni chombo kilichoitoa. Namba mbili kati ya zile nne ziko hapo, bure. Kwenye ile ya MySQL utaona kitu kama hiki:

-- MySQL dump 10.13  Distrib 8.0.36, for Win64 (x86_64)

Wangapi wamewahi kusema "hii ni MySQL 10"? Inueni mikono, hakuna polisi hapa. Hiyo 10.13 ni toleo la chombo cha mysqldump chenyewe, na limekaa hivyo miaka nenda rudi. Unachotafuta ni 8.0.36, na mstari mwingine chini kidogo unaotaja toleo la seva.

Nakala ya PostgreSQL iliyotolewa kwa -Fc, yaani kwa umbo la pg_dump lenyewe badala ya maandishi, haisomeki kwa macho, lakini nayo ina kitambulisho. Ifungue kwa programu yoyote inayoonyesha baiti. Herufi tano za mwanzo ni PGDMP. Baiti tatu zinazofuata ni toleo la umbo la faili. Tazameni skrini:

50 47 44 4D 50 01 0E 00

Tano za kwanza ndizo PGDMP. Halafu 01, halafu 0E ambayo ni 14. Hili ni umbo la 1.14, linaloandikwa na pg_dump ya 12 hadi 15. Mngeona 0F ingekuwa 1.15, kazi ya toleo la 16. Na 10, ambayo kwa hesabu hizi ni kumi na sita, ni 1.16, ya toleo la 17. Sasa ukikutana na ujumbe wa "unsupported version (1.15) in file header" utaujua maana yake: pg_restore yako, chombo cha kurudisha nakala kwenye seva, ni ya 15 au chini ya hapo, na faili limeandikwa na 16. Faili halijaharibika. Nasisitiza hilo kwa sababu kuna watu hulifuta wakidhani flashi imelila.

Dawa ni kupata pg_restore ya toleo lililoandika faili, au jipya kuliko hilo. Na hapa kuna jambo wengi hawalijui. Si lazima seva yako iwe mpya. pg_restore ya 16 inaweza kuligeuza faili kuwa maandishi bila kuongea na seva yoyote:

pg_restore -f ushirika.sql ushirika.dump

Ukishapata ushirika.sql, unaweza kuiingiza kwenye seva ya zamani kwa psql, chombo cha kuandikia seva amri, ukaangalia inagomea wapi. Kushusha toleo namna hii hakuna aliyekuhakikishia kwamba kutakubali, lakini majedwali ya kawaida ya vyama vya msingi, jina la mkulima, namba, kilo, daraja na bei, hupita. Nakala ya 17 ukiishusha kwenye 16 itagomea mstari wa SET transaction_timeout = 0; kwa sababu 16 haijui mpangilio huo. Ufute kwenye nakala ya kazi, endelea. Kwenye nakala ya kazi, nimesema. Faili la asili liache kama lilivyo.

Nigeukie MySQL, maana najua humu ndani ndiyo mingi.

Mfumo umetengenezwa Dar es Salaam kwenye MySQL 8, karani wa Kaliua ana XAMPP. Analetewa faili la .sql, analiingiza, anapata kosa namba 1273: Unknown collation: 'utf8mb4_0900_ai_ci'. Hiyo ni kanuni ya kupanga na kulinganisha herufi iliyokuja na MySQL 8, na MariaDB ya 10.4 haina kanuni ya jina hilo. Ushauri utakaoupata kila mahali ni kubadilisha jina hilo kuwa utf8mb4_unicode_ci katika faili zima. Ni sahihi, lakini haujakamilika. Kanuni ya 0900 huhesabu nafasi tupu iliyo mwisho wa neno, na unicode_ci huipuuza. Kwa hiyo kama kwenye jedwali la wanachama kuna namba "TB-0412" na nyingine "TB-0412 " yenye nafasi moja nyuma yake, MySQL 8 iliziona mbili, na XAMPP itaziona moja. Kama safuwima hiyo hairuhusu kurudiwa, utapata kosa 1062 katikati ya kuingiza, na nusu ya wanachama watabaki nje. Tafuta kwanza kwenye seva ya asili:

SELECT namba FROM wanachama WHERE namba LIKE '% ';

Zisafishe huko huko zilikotoka, ukishaamua na mwenye data ni mwanachama yupi wa kweli. Hilo si la fundi kuamua peke yake.

Jingine ni nywila. MySQL 8, iliyotoka mwaka 2018, ilibadilisha namna ya kawaida ya kuhakiki nywila, na draiva za zamani haziijui. Utaona kosa 1251, au maneno "caching_sha2_password cannot be loaded". Nywila yako ni sahihi, kwa hiyo usipoteze muda kuibadilisha mara tano. Chombo ndicho hakijui lugha. Pandisha draiva. Ikishindikana kwa kuwa mfumo ni wa zamani na aliyeutengeneza hapatikani, kwenye 8.0 unaweza kumrudisha mtumiaji huyo mmoja kwenye njia ya zamani:

ALTER USER 'karani'@'localhost' IDENTIFIED WITH mysql_native_password BY 'nywila-mpya';

Lakini hiyo ni kuazima muda. Kwenye 8.4 njia hiyo imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe, na kwenye 9.0 imeondolewa kabisa.

PostgreSQL nayo ina la kwake la namna hii. Tangu toleo la 14 nywila mpya huhifadhiwa kwa SCRAM, njia iliyochukua nafasi ya md5 ya zamani, na draiva za kabla ya toleo la 10 hujibu "authentication method 10 not supported". Wengine hukimbilia pg_hba.conf, faili la kanuni za nani aingie na kwa njia gani, wanaandika md5, wanaanzisha seva upya, na kosa linabaki pale pale. Sababu ni kwamba nywila iliyokwisha kuhifadhiwa kwa SCRAM haiwezi kurudi kuwa md5 yenyewe. Lazima uweke password_encryption kuwa md5, kisha umwekee mtumiaji huyo nywila upya. Na md5 ni dhaifu, kwa hiyo usiifanye kwa seva inayofikika kutoka nje ya ofisi.

Makosa matatu madogo ya mysqldump niyapitie haraka. Ukitumia mysqldump ya 8 kwenye seva ya 5.7 itagomea COLUMN_STATISTICS, kwa sababu inauliza jedwali la ndani ambalo 5.7 haina. Ongeza --column-statistics=0. Faili la MariaDB la tangu mwaka 2024 huanza na mstari wenye 999999 na maneno "enable the sandbox mode". Programu ya MySQL hugoma kwenye mstari huo wa kwanza kabisa. Uondoe huo mmoja tu. Na jedwali linaloitwa groups, au safuwima inayoitwa rank, vilipita kwenye 5.7, lakini kwenye 8 hayo yamekuwa maneno ya seva yenyewe, kwa hiyo yazungushie alama za ` au uyape majina ya Kiswahili, ambayo hayajawahi kugombana na mtu.

Kuna na kosa linalojifanya kuwa la toleo, kumbe silo. Ukiandika mysqldump kwenye PowerShell ya kawaida ya Windows na kuelekeza matokeo kwa alama ya >, PowerShell hubadilisha maandishi kuwa UTF-16, namna nyingine ya kuandika herufi kwa baiti. Ukiyaingiza kwingine unaambiwa kuna ASCII '\0'. Watu wameshapandisha seva nzima kwa ajili hiyo. Tumia dirisha la amri la kawaida, cmd, au ongeza --result-file=nakala.sql.

Sasa hali mbaya zaidi: mashine imekufa, hakuna nakala rudufu, umebaki na diski na folda ya data. Umeinakili kwenye kompyuta mpya yenye PostgreSQL 16, na seva inakataa kuwaka ikisema "database files are incompatible with server". Ndani ya folda hiyo kuna faili dogo linaloitwa PG_VERSION. Lifungue kwa Notepad, hili halitagandisha kitu. Lina namba moja, tuseme 13. Hiyo ndiyo geji, yaani upana, ya reli yako. Watu wabunifu hulibadilisha kuwa 16 kwa mkono. Tafadhali, msifanye hivyo kamwe. Umebadilisha kibao cha kituo, reli haijabadilika, na seva ikiwaka itaandika juu ya kitu isichokielewa.

Njia ni hii. Nakili folda yote mara mbili, moja iweke kando isiguswe. Sakinisha PostgreSQL 13, ya biti zile zile, 64 kwa 64, na mfumo wa kompyuta wa aina ile ile: folda ya Windows haihamii Linux. Simamisha huduma yake, weka folda ya zamani mahali pa data, hakikisha akaunti inayoendesha huduma ina ruhusa ya kuiandika, washa. Ikishawaka, ongea nayo kwa pg_dump ya 16 utoe nakala, kisha iingize kwenye seva ya 16. Kwa kazi hii toka ofisini na visakinishi vya matoleo kadhaa kwenye flashi, kwa sababu kila kimoja kina mamia ya megabaiti na mtandao wa huko unakokwenda unaujua mwenyewe.

Kwa XAMPP, folda ni C:\xampp\mysql\data. Kosa la kila siku ni kunakili folda yenye jina la kanzidata peke yake na kuacha faili la ibdata1 lililo nje yake. Majedwali yanaonekana kwenye orodha, ukiyabofya unaambiwa "doesn't exist in engine". Chukua folda yote ya data, ibdata1 ikiwemo, uiwashe kwa XAMPP ya toleo lile lile.

Ndugu zetu wa Chuo cha Ardhi, nyinyi mna mzigo wa ziada, PostGIS, kiongezi cha ramani cha PostgreSQL, ambacho kina toleo lake juu ya toleo la PostgreSQL. Hadi 2.5 jina la faili lake lilibeba toleo, postgis-2.5. Kuanzia 3.0 ni postgis-3 tu. Ndiyo maana ukipandisha PostgreSQL na seva mpya ina PostGIS 3 peke yake, unaambiwa haioni faili la $libdir/postgis-2.5. Andikeni SELECT postgis_full_version(). Na msome jibu lote hadi mwisho. Likiwa na maneno "need upgrade", faili ni jipya lakini kazi zilizo ndani ya kanzidata bado ni za zamani. Dawa ni SELECT postgis_extensions_upgrade(). Na mkitoka 2 kwenda 3 iendesheni mara mbili, kwa kuwa sehemu ya picha za rasta ilitengwa kuwa kiongezi kinachojitegemea, postgis_raster. Wanaohamisha kwa pg_dump wana nafuu, kwa sababu nakala hubeba maneno ya kuunda kiongezi tu, na seva mpya hutumia toleo lake yenyewe. Ila mwenye rasta aunde postgis_raster kabla ya kuingiza.

Kwenye SQL Server, kanzidata ya Microsoft, sitakaa sana. Nakala ya toleo jipya hairudi kwenye la zamani, basi. Ukiambiwa kanzidata ni toleo 904 na seva inaishia 869, moja ni ya 2019, nyingine ya 2017. Kushusha kiwango cha upatanifu kwenye mipangilio hakubadilishi namba hiyo ya ndani hata kidogo. Ama upandishe seva, ama utoe majedwali kwa skripti.

SQLite, kanzidata inayokaa ndani ya faili moja, ndiyo iliyo kwenye simu za ukusanyaji data na kwenye faili za ramani za GeoPackage. Ikisema "malformed database schema" wakati faili linafunguka vizuri kwenye kompyuta nyingine, programu yako ni ya zamani. Pengine jedwali lina safuwima inayokokotolewa yenyewe, kitu kilichokuja na 3.31 mwaka 2020. Na ukinakili faili wakati programu bado iko wazi, angalia kama kuna jirani mwenye -wal mwishoni mwa jina. Data ya asubuhi hiyo inaweza kuwa kwa huyo jirani.

Namba ya nne, ya muundo. Mifumo mingi sasa huweka jedwali la kumbukumbu za mabadiliko, kutegemea chombo ilichojengewa: Flyway na flyway_schema_history yake, Laravel na migrations, Django na django_migrations. Mfumo ukikwambia "checksum mismatch", kuna mtu ameligusa faili la badiliko lililokwisha kutumika, hata kama ameongeza maelezo tu. Rudisha faili lilivyokuwa, badiliko jipya liandikie faili jipya. Na ukirudisha programu ya zamani juu ya kanzidata iliyokwisha kupandishwa, usihariri jedwali hilo ili programu inyamaze. Itanyamaza, kisha itaandika kilo kwenye safuwima isiyo yake.

Kwa wenye seva za Linux, jambo moja ambalo halina ujumbe mwekundu. Ukihamisha folda ya data kutoka Ubuntu 18.04 kwenda 20.04, PostgreSQL ni ile ile na kila kitu kinawaka, lakini maktaba ya mfumo, glibc, ilibadilisha mpangilio wa herufi kwenye 2.28. Faharasa za majina, yaani orodha ambazo seva hutafutia, zimepangwa kwa mpangilio wa zamani na zinasomwa kwa mpya. Mkulima yupo, ukimtafuta hayupo, unamsajili tena, na seva inakubali. Endesha REINDEX DATABASE, inayozijenga upya, kabla watu hawajaanza kazi. Toleo la 15 na kuendelea hukuonya kwa "collation version mismatch". Hapo jenga faharasa kwanza, ndipo uandike ALTER DATABASE ushirika REFRESH COLLATION VERSION. Maana ukianza na hiyo ya pili umezima king'ora na moto unawaka.

Ukishamaliza kuhamisha, endesha ANALYZE ili seva ikusanye takwimu za majedwali, la sivyo siku ya kwanza ripoti zitakwenda mwendo wa kinyonga na watu watakulaumu wewe. Hesabu safu za kila jedwali kubwa pande zote mbili. Halafu chukua ripoti iliyochapishwa ya soko moja la tumbaku, ujumlishe marobota na kilo kwenye seva mpya, ulinganishe na karatasi hadi kilo ya mwisho. Jaribu kumsajili mwanachama mmoja wa majaribio uone anapewa namba inayofuata, isiwe namba ya mtu mwingine. Diski ya zamani ibandike karatasi yenye matoleo uliyoyasoma, uifungie kabatini mpaka hesabu za msimu zikaguliwe.

Chai iko tayari hapo nje. Mwenye faili la PGDMP lisilofunguka alete kompyuta yake mezani baada ya chai, waya wa umeme upo, na visakinishi vya 12 hadi 17 viko kwenye flashi hii.